Miti ya Aliyeipanda

Mjane alikuwa juu ya ngazi akipogoa migunga aliyoipanda mwenyewe na kuangusha majani kwenye matuta ya mahindi yaoze yawe mboji. Shemeji yake akaja kumwambia kikao cha ukoo kimekwisha, tena kabla chai haijapoa. Shamba lilikuwa la marehemu ndugu yake, basi sasa ni lake yeye. Mwanamke harithi ardhi.

"Na miti?" mjane akauliza.

"Miti ni ya aliyeipanda, ndiyo desturi. Ichukue, shemeji, kama itabebeka." Akacheka peke yake.

Mjane akashuka, akafuta panga, akapita kuuarifu mti mmoja mmoja. Asubuhi yeye na binti yake wakabeba masufuria yao hadi kwenye kipande cha mawe nyuma ya machimbo ya kokoto, ambako ukoo ulimruhusu ajibanze. Migunga iling'oa mizizi, ikakung'uta udongo, ikawafuata kwa mstari. Dereva wa lori la kokoto aliisubiri ivuke barabara, akalalamika kwamba anacheleweshwa.

Mvua zilipokuja, shamba la shemeji lilishuka lote mtoni pamoja na mbegu. Kule kwenye mawe, migunga ilipukutisha majani kama ifanyavyo kila masika, mahindi yakapata jua na mawe yakafunikwa na udongo mweusi. Mjane alivuna hadi magunia yakamtoa chumbani. Alilala jikoni na binti yake, wakicheka kwa furaha tupu. Majirani walikuja kuomba mbegu za migunga, akawapa na kuwafundisha kupogoa.

Shemeji naye akaja. Alitafuna hindi la kuchoma hadi gunzi likabaki jeupe, kisha akasema kikao kimekaa tena. Kumbe kipande hicho nacho kilikuwa cha marehemu.

"Mmeamua nini?"

"Kile kile, shemeji."

"Na miti?"

Shemeji aliligeuzageuza gunzi. "Desturi ni desturi," akasema polepole.

Mjane akamwambia binti yake afunge masufuria. Nje, migunga ilikwisha kung'oka, na safari hii ilitangulia yenyewe. Udongo mweusi, kwa kuwa ulitokana na majani yake, ukajikusanya ukaifuata. Mama na binti wakaandamana nao, magunia kwenye mkokoteni, wakiimba.

Shemeji akabaki amesimama juu ya mawe, na yote yalikuwa yake kihalali.