Orodha Mbili za Ghala la Nne

Moshi ulikuwa ukifuka chini ya paa la ghala la nne pale Zubeda Mohdhar alipoulizwa swali. Alikuwa karani wa mizigo katika kampuni moja ya maghala huko Changamwe.

"Mwanangu, humo ndani mna nini?" Mzee Mwarandu, kiongozi wa wazima moto, alisimama mlangoni mwa ofisi, kofia ya chuma kwapani. "Watu wangu wameshika mpira wa maji. Wangoja neno langu."

"Nipe dakika moja, mzee."

Ilikuwa mwaka 1998, na kampuni ilikuwa na kompyuta moja tu. Fundi kutoka Nairobi alikuwa ameigawa: ukiiwasha unachagua mfumo wa kuiendesha, ama Windows, aliyoizoea Zubeda, ama Linux, aliyofunzwa mwenzake Kioko. Kuhama upande ilibidi uizime na kuiwasha upya. Orodha ya mizigo ilikaa sehemu ya diski ambayo pande zote mbili ziliweza kuifungua, ili makarani wote wawili waandike katika faili moja.

Zubeda akaifungua. Ghala la nne: rangi ya ukuta, mapipa sitini. Aliandika mwenyewe saa tatu na nusu asubuhi.

"Ni rangi ya..." Alikumbuka alivyomsikia Kioko akinung'unika kuwa faili inakataa kuhifadhi. Na saa nne na nusu lori jingine lilikuwa limeingia uani, kabla Kioko hajaondoka kumpeleka mkewe kliniki Mikindani. Mzigo wa lori lile aliuandika wapi?

"Ngoja, mzee! Usimwage!"

Akaizima mashine, akaiwasha, akachagua upande wa Kioko. Mistari ilipanda polepole kwenye kioo. Nje mtu alipiga kelele kwamba mabati yameanza kujikunja.

Katika hifadhi ya Kioko mwenyewe akakuta faili nyingine yenye jina lile lile. Ghala la nne: rangi imehamishiwa ghala la pili. Kabaidi, mapipa arobaini.

Kabaidi, mawe ya wachomaji vyuma. Yakiguswa na maji hutoa gesi inayolipuka.

Lakini faili ile ilionyesha imeandikwa saa mbili na dakika kumi asubuhi. Basi ya Zubeda ndiyo iliyokuwa mpya, na mle ndani mlikuwa na rangi tu.

"Sema, mwanangu. Moto haunisubiri."

Alitazama tena kioo. Pembeni saa ya kompyuta ilisema ni saa tatu na dakika arobaini. Akatazama saa ya mkononi: saa saba kasoro dakika ishirini. Upande wa Kioko ulikuwa nyuma kwa saa tatu kamili. Fundi hakuuwekea saa za Kenya. Basi ile saa mbili na dakika kumi ilikuwa saa tano na dakika kumi. Baada ya lori.

"Ni kabaidi! Usimwage maji, mzee, hata tone!"

"Una hakika?"

"Nikiwa nimekosea, ghala litaungua. Nikiwa sijakosea nawe ukamwaga, mtakufa."

Mwarandu alimkazia macho, kisha akatoka mbio. Walipigana na moto kwa mchanga na unga wa kuzimia moto. Nusu ya paa ilianguka, maboksi matupu yakawa majivu, lakini mapipa yalitolewa moja moja, makavu. Yalikuwa ya kabaidi yote arobaini. Zubeda aliyaona, akaenda nyuma ya ofisi kutapika.

Kioko alirudi saa tisa, akasimama mbele ya mabati yaliyoungua.

"Faili ilinikatalia," alisema kwa sauti ndogo. "Nikatoa nakala, nikaiweka kwangu. Nilipanga kukwambia jioni, dada."

Zubeda alitaka kumfokea.

"Wallahi, nilikusikia ukilalamika asubuhi," alisema, "nikapita zangu. Sikukuuliza." Akavuta kiti, akafungua daftari moja mezani. "Kaa. Ghala la kwanza lina nini?"

Kioko akashika kalamu.