Watoto Waliokataa Maziwa

Tuseme ukweli: Félicité aliipenda ile orodha kupita kiasi. Ndani yake kila ugonjwa na kila dalili ilikuwa na jina moja na namba moja, ili daktari wa Bujumbura au wa Kigoma azisome takwimu za Uvira bila kumpigia mtu simu. Miezi mitatu, katika ofisi ndogo ya utafiti huko Kasenga, mjini Uvira, aligeuza rejista za zahanati kuwa namba. Ijumaa hiyo, saa sita mchana, kazi ilipaswa kutumwa Bujumbura na Kigoma.

Saa nne akaingia Rwabuhihi, muuguzi mzee wa zahanati moja ya milimani, juu ya Lemera. Alikuwa na matope hadi magotini na kibidoni cha plastiki chenye maziwa mkononi. Alitaka kuona watoto aliowatibu walivyoandikwa.

“Dalili za hatari: sifuri,” akasoma. Uso ukamshuka. “Watoto makumi tatu na moja, sifuri?”

Félicité alijua maana yake. Mahali penye sifuri pangeachwa nje ya utafiti ujao, pamoja na dawa zake.

“Kwa kila mutoto niliandika: amekataa maziwa. Iko wapi?”

Félicité akacheka. “Papa Rwabuhihi, ile niliiacha. Ni deko tu. Wangu anakataa samaki wa ndagala kila siku!”

“Weye ni muntu wa ziwa,” akasema mzee, bila kucheka. “Kwetu milimani, kwa wenye ng'ombe, mutoto akikataa maziwa, ujue hawezi tena kumeza. Njo maana mama anamubeba saa ile ile, hata mvua inyeshe.”

“Wote walikuwa vile?”

“Wote. Niliwajaribu na kijiko, minye mwenyewe.”

Aibu ikamjaa Félicité. Akafungua orodha yake. Dalili ilikuwepo, tena ukurasa wa kwanza: hawezi kunywa wala kunyonya. Mzee akasoma rejista, yeye akaandika namba, na pembeni yake maneno ya mama zao kama yalivyo: amekataa maziwa. Saa sita kasoro dakika nne, akatuma.

Kabla ya saa saba jibu likatoka Kigoma: “Hata sisi tunao watoto wa namna hii. Tuwaunganishe katika utafiti ujao.”

Félicité akaruka kutoka kitini. Rwabuhihi akaweka kidole kwenye mstari wa kumi na saba wa rejista. “Huyu ni Gikundiro, mujukuu wangu. Jana asubuhi alikunywa vikombe viwili vya maziwa, akalilia cha tatu.”

Félicité akafuta machozi huku anacheka. Kisha akasogeza kikombe chake karibu na kibidoni.

“Minye maziwa sikatai,” akasema.