Kibofu Kilichotundikwa Maabarani

Mwalimu Euphrasia aliuliza swali lile lile aliloliuliza wiki iliyopita, na Kidato cha Tatu kikamjibu kwa sauti moja kama waumini wanaosali litania. Walijibu kwa Kiingereza, bila kukosea hata neno: osmosisi ni mwendo wa maji kupita kwenye utando unaochagua, kutoka kwenye mchanganyiko mwepesi kwenda kwenye mchanganyiko mzito. Walipomaliza walimtazama, wakingoja sifa.

"Vizuri," alisema, ingawa hakuona uzuri wowote. Kisha akafanya jambo ambalo mkuu wa shule alikuwa amelikataza, akauliza kwa Kiswahili. "Onesmo, maharage makavu ukiyaloweka yanavimba. Kwa nini?"

Onesmo, mvulana mrefu aliyekaa nyuma, alisimama, akafikiri, akakuna shingo. "Kwa sababu yamelowekwa, Mwalimu."

Darasa halikucheka. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba jibu lile lilikuwa la kuchekesha.

Ilikuwa mwaka 1982, katika shule ya sekondari pembezoni mwa mji wa Shinyanga. Euphrasia alikuwa ametoka kwao Ushirombo, nchi ya Wasumbwa, kuja kufundisha baiolojia, na hasira yake kubwa haikuwa kwamba wanafunzi walikuwa wajinga. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezoeshwa kuhifadhi maneno kama mtu anavyohifadhi nguo za sikukuu: zinatunzwa safi, hazivaliwi. Aliamua kwamba safari hii wataona kwa macho yao.

Siku iliyofuata alileta viazi vitamu kutoka shambani kwake na sukari aliyoipata duka la ushirika baada ya kusimama kwenye foleni asubuhi nzima. Sukari ilikuwa adimu miaka ile. Watu waliinusa kabla ya kuitia kwenye chai. Aliwaonyesha wanafunzi namna ya kumenya kiazi, kukichimba shimo katikati, kuweka sukari ndani ya shimo na kukisimamisha kiazi kwenye sahani ya maji.

"Seli za kiazi zina utando," aliwaambia. "Maji ya sahani yatapita, yatapanda, yatajaa humu kwenye shimo. Mchana tutakuja kuangalia."

Mchana walikuta sahani za maji tupu. Hapakuwa na kiazi hata kimoja. Chini ya dirisha palikuwa na kipande kidogo chenye alama za meno.

"Nani amekula osmosisi yangu?" Euphrasia alifoka.

Hapo ndipo darasa lilipocheka, na likacheka kweli kweli, mpaka wengine wakalalia meza. Akawapeleka wote kukata nyasi uwanjani, wenye hatia na wasio na hatia, kisha akaenda zake ofisi ya walimu.

Mkuu wa shule, Mwalimu Stanslaus, alikuwa anakunywa chai isiyo na sukari. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe unajisumbua bure," alisema. "Wafundishe jibu. Wanalijua jibu?"

"Wanaliimba, Mkuu."

"Basi. Mtihani hauulizi kama mtu aliona. Unauliza jibu."

"Na wakiulizwa kwa maneno mengine?"

"Mwalimu Euphrasia," alisema Stanslaus kwa upole wa mtu aliyechoka, "hawaulizwi kwa maneno mengine."

Euphrasia alitoka pale akiwa ameapa kutafuta utando ambao mwanafunzi hawezi kuula mbichi. Kesho yake asubuhi alikwenda machinjioni, akapita katikati ya wanawake wanaouza utumbo, akaomba kibofu cha mkojo cha ng'ombe. Mchinjaji alimtazama mara mbili. Mwanamke mmoja mnene, aliyekuwa anaosha utumbo kwenye karai, aliacha kuosha kabisa.

"Cha nini, Mwalimu?"

"Cha kufundishia."

Hakueleza zaidi, kwa sababu kipindi kilikuwa kinakaribia. Baadaye alijilaumu kwa hilo.

Maabarani, mbele ya Kidato cha Tatu, alikiosha kibofu, akakikwangua mafuta, akakata kipande na kukifunga kwa uzi kwenye mdomo wa faneli ya kioo yenye shingo ndefu. Ndani alitia maji aliyokorogea nusu ya sukari iliyobaki. Maji yale hayakuonekana vizuri kwenye kioo, kwa hiyo akatia matone ya wino mwekundu, ule wa kusahihishia madaftari. Akaigeuza faneli, mdomo chini na shingo juu, akaitundika kwenye bika la maji safi.

Ikavuja. Uzi haukukaza. Wekundu ulichuruzika ndani ya bika, kiwiko chake kikagonga bika, likaanguka, na maji mekundu yakatapakaa sakafuni mpaka kwenye viatu vya wasichana wa mbele. Kengele ikalia. Wanafunzi wakakimbilia chakula.

"Kesho!" aliwapigia kelele migongoni. "Kesho tunarudia!"

Kesho yake, kabla hata ya gwaride la asubuhi, aliitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Alimkuta yule mwanamke mnene wa machinjioni amekaa kwenye kiti cha wageni, kanga imefungwa vizuri kiunoni. Pembeni yake alisimama Mbuke, msichana mkimya wa Kidato cha Tatu, ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama," alisema Euphrasia.

Mwanamke hakuitikia. Kwa mtu wa umri wake, kuiacha shikamoo hewani namna ile kulikuwa sawa na kofi.

"Huyu ni Mama Zipora," alisema Stanslaus. "Ni shangazi yake Mbuke, anakaa naye mtaa wa Ngokolo. Amekuja kumchukua mtoto."

"Kumchukua kwa nini?"

Zipora alijibu mwenyewe. "Nilikuona kwa macho yangu ukichukua kibofu. Nikasema, ya walimu ni yao. Jioni namuuliza mtoto, leo mmesoma nini? Ananiambia Mwalimu ametia vitu vyekundu ndani ya kibofu, amekitundika, kinadondoka. Mimi nimezaa, nimezika. Mambo ya kibofu na damu nayajua ni ya watu gani."

Euphrasia aliogopa: alikuwa anaitwa mchawi. Usukumani na hata kwao Usumbwani, maneno ya aina hiyo hayakuwa ya mzaha. Alimfahamu bibi mmoja kule kwao aliyechomewa nyumba kwa sababu tu macho yake yalikuwa mekundu, na macho yenyewe yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia. Na yeye alikuwa mgeni hapa, mwanamke asiye na mume, mwenye wino mwekundu.

Lakini hofu haikukaa. Hasira iliisukuma nje.

"Mbuke," alisema, "ndivyo ulivyomwambia shangazi yako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umekaa darasani kwangu muhula mzima, unajibu kila swali, halafu unakwenda nyumbani unasema vitu vyekundu vinadondoka?"

Mbuke alianza kulia bila sauti.

"Tusikuze mambo," alisema Stanslaus haraka. "Mwalimu, kitupe hicho kibofu, tuyamalize."

"Nikikitupa nitakuwa nimekubali. Mkuu, naomba twende maabara sote. Mama Zipora akae aone. Akitoka pale bado anataka kumchukua mtoto, amchukue, na mimi uniandikie uhamisho."

Stanslaus alimtazama Zipora. Zipora alikaza kanga yake. "Twende," alisema. "Mimi siogopi."

Maabarani Euphrasia alikata kipande kipya cha kibofu, na safari hii alikifunga kwa uzi na kisha kwa mpira wa baiskeli, akavuta mpaka vidole vikamuuma. Mbele ya Zipora alifungua chupa ya wino na kuchora mstari kwenye karatasi. Alimwonjesha maji ya sukari kabla ya kuyatia rangi. Zipora alionja kwa ncha ya ulimi, na uso wake ukaonyesha uchungu wa kuona sukari ikipotea namna ile.

Faneli ikasimama kwenye maji. Haikuvuja. Akatia alama kwenye shingo ya kioo pale maji mekundu yalipofikia.

"Sasa," alisema Euphrasia, "Mbuke, mweleze shangazi yako."

Mbuke alifuta machozi, akanyoosha mgongo, akaanza: osmosisi ni mwendo wa maji. Kwa Kiingereza, bila kukosea neno.

"Anasema nini?" aliuliza Zipora.

"Acha hiyo!" Euphrasia alipiga meza. "Shangazi yako hafanyi mtihani. Mweleze. Kwa Kisukuma, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote anayoielewa."

"Shuleni ni Kiingereza," alikumbusha Stanslaus kutoka mlangoni.

"Mkuu, nakuomba. Leo tu."

Mbuke alikitazama kibofu kama vile ndiyo kwanza amekiona. Kisha akaanza kwa Kisukuma, polepole, akikwama, akirudi nyuma. Euphrasia alikuwa anaelewa nusu tu. Alisikia *minzi*, yaani maji, tena na tena. Alisikia sukari. Alimwona Mbuke akikunja ngumi na kuikunjua, akionyesha kitu kinachopita na kitu kinachobaki.

Zipora akauliza jambo. Mbuke akageuka kwa Mwalimu, na kwa mara ya kwanza tangu Euphrasia amfahamu, alikuwa anauliza kitu ambacho hakikuandikwa ubaoni.

"Anauliza, kama kibofu kina matundu, kwa nini sukari isitoke? Nimemwambia sukari ina nguvu, inakataa."

"Haikatai," alisema Euphrasia. "Haina akili. Chembe za sukari ni kubwa, matundu ni madogo mno. Maji yanapenya kwa urahisi. Sukari inapita kwa shida, kidogo sana."

"Kumbe," alisema Mbuke. "Basi nimemdanganya." Akamgeukia shangazi yake, akaanza upya.

Wakangoja. Stanslaus alitazama saa yake, akaenda, akarudi. Zipora alilalamika kwamba utumbo wake unaliwa na nzi sokoni. Wanafunzi wengine waliingia kwa ajili ya kipindi, wakasimama ukutani wakinong'ona, na Euphrasia akawatishia kwamba atakayegusa kitu chochote chenye sukari atajuta. Maji mekundu yalikuwa yamepanda kwenye shingo ya kioo, kidogo kidogo, bila mtu kuyaona yakitembea, mpaka Onesmo aliposema kwa mshangao kwamba yamepita alama iliyowekwa.

Zipora aliinama, akatazama kwa jicho moja, akazunguka upande wa pili, akatazama tena.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo, Mama."

"Maji yamepanda kidole kimoja?"

"Ndiyo."

"Ee mayu!" Zipora alisimama wima. "Kwa kidole kimoja cha maji umenikosesha usingizi, umemwaga na sukari? Mwalimu, kama huna kazi njoo sokoni tukupe kazi." Akamwambia Mbuke anawe mikono kabla ya kula, akaondoka na hasira zake, akamwacha mtoto shuleni.

Jioni ile mkuu wa shule alimwonya Euphrasia kuhusu lugha ya kufundishia na kuhusu wino mwekundu. Alikubali la wino.

Kwenye jaribio la mwisho wa muhula, zaidi ya nusu ya darasa waliandika litania yao kama kawaida, na alipowauliza kwa nini chumvi huua konokono, Onesmo alijibu kwamba ni kwa sababu konokono hapendi chumvi. Euphrasia aliisahihisha ile karatasi akiwa ameshika kichwa. Karatasi ya Mbuke ilikuwa na Kiingereza kibovu, sentensi zimevunjika, vitenzi vimepotea njia. Lakini maji ya mwili wa konokono yalitoka nje kuifuata chumvi, na alieleza kwa nini. Akampa alama zote.

Stanslaus aliiona karatasi ile, akaguna. "Kiingereza gani hiki?"

"Kibaya," alisema Euphrasia. "Hicho nitakirekebisha."

Siku ya kurudisha karatasi, kengele ya chakula ilipolia, darasa lilitoka mbio. Mbuke alibaki kwenye dawati lake.

"Mwalimu, kama maji yanaingia tu kwenye seli kufuata vitu vilivyomo, na haviishi, mbona seli zetu hazipasuki?"

Euphrasia alikuwa na njaa tangu asubuhi, na jibu lake lilikuwa refu. Alitazama mlangoni, akapumua kwa nguvu, akavuta kiti.

"Kaa," alisema, akatafuta chaki.