Waridi Hadi Kwenye Kucha

Jumatatu saa tatu asubuhi, fundi wa maabara ya maji alifuta kichupa cha kioo kwa kitambaa laini, akakitia kwenye mashine ya kupima mwanga. Kilikuwa na maji ya bomba la mtaani kwake, yaliyozimuliwa mara kumi na kutiwa dawa inayogeuka waridi ikikutana na nitriti, sumu itokayo kwenye maji taka na mbolea. Nitriti ikizidi, rangi hukolea, na mwanga mwingi zaidi humezwa. Mashine ikaonyesha 0.62. Akatoa 0.02 ya maji matupu, akagawanya kwa 0.5, mwinuko wa mstari wake wa vipimo, akazidisha kwa kumi. Miligramu kumi na mbili kwa lita. Kikomo ni tatu.

Hakushangaa. Wiki iliyotangulia watoto wa mtaa mzima walikuwa wameamka wa waridi, waliokunywa maji mengi wakiwa wamekolea zaidi. Akina mama walilalamikia mashuka yaliyoingia rangi tu. Binti yake wa miaka minne alikuwa waridi hadi kwenye kucha.

Alipofungua faili aandike jibu, alikuta ripoti za miezi mitatu asizozijua: 0.4, 0.3, 0.4. Chini ya kila moja, sahihi yake. Mkono ulioiandika aliutambua. Ulikuwa wa dada yake, mkuu wa maabara, aliyemlea na kumfundisha kuchora ule mstari.

Jioni alimfuata uani. Nyumba zao zilitumia bomba moja. Watoto wa dada walikuwa na rangi waliyozaliwa nayo. Nyuma ya mlango wao, katoni za maji ya dukani zilifika dirishani.

"Tangu lini, dada?"

"Miezi mitatu sasa. Wakubwa walisema bomba lisiguswe kwanza."

"Na sahihi yangu?"

"Wewe wanakuamini."

"Ungeninong'oneza basi, kwa ajili ya mwanangu."

"Ungetangaza. Wewe huna kifua, mdogo wangu."

Akakaa juu ya ndoo.

Aliwaambia majirani. Wakamwonyesha ripoti iliyobandikwa ukutani, yenye sahihi yake, wakamuuliza aaminiwe yupi. Shule ikabadilisha sare ziwe za waridi, watoto wasionekane tofauti.

Jumamosi watoto wa dada waliangua kilio: nao wanataka rangi. Mkubwa wao akakinga kikombe bombani. Dada akatoka mbio, akampokonya, akayamwaga maji.

"Haya si ya kwenu," akasema, mbele ya mdogo wake.

Watu kwenye foleni walisikia. Wakasogeza ndoo zao hatua moja mbele.