Presha Alivyotoswa Kabla ya Kuuliza Nyumbani

Mume aliingia uani amelowa chapachapa, na siku hiyo mbingu ilikuwa haijatoa hata jasho. Maji yalimchuruzika kuanzia kofia hadi soksi, viatu vikilia chwa, chwa, kama bata wawili wanaogombana. Mkewe alikuwa kwenye cherehani anashona kola ya sare ya shule. Alimtazama mara moja tu, akaondoa mguu kwenye kikanyagio.

Hakuhitaji kuambiwa. Pale kituo cha pampu za maji, alikofanya kazi mumewe tangu ana nywele, kulikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote na ilishikwa kuliko zote zilizoandikwa. Anayestaafu hubebwa mzobemzobe na wenzake na kutoswa kwenye tangi la saruji nyuma ya kituo, na nguo zake zote. Akitoka humo ndiyo basi, hagusi tena valvu. Yupo mmoja aliyewahi kutoswa kisha akabadili nia na kurudi kazini. Walimbatiza Maji Machafu, na jina likamganda mpaka wajukuu wakadhani ndilo la ukoo.

"Wamenitosa," mume akasema, akijaribu kucheka.

"Nina macho."

"Walinivizia, mama. Mikono huku, miguu kule, kama gunia."

"Na walijuaje kwamba unastaafu? Waliota?"

Mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Presha kwa sababu kila jambo alilieleza kwa presha ya maji, hata ndoa za watu, akakamua kofia yake taratibu. "Niliwaambia naichukua pensheni sasa hivi. Nimetimiza sitini. Serikali imesema kuanzia sitini mtu anaweza."

"Serikali imesema. Na mimi nilisema nini?"

"Hukusema kitu."

"Sikusema kitu kwa sababu hukuniuliza kitu."

Akarudisha mguu kwenye kikanyagio, akashona ile kola kwa kasi ambayo sindano yenyewe iliogopa. Hasira yake haikuwa ya kurusha sufuria. Ilikuwa ile mbaya zaidi, inayokaa kitako na kuvuta pumzi.

Na alikuwa na haki. Pensheni ile ilikuwa na tabia ya ng'ombe: ukimchinja mapema utakula, lakini utakula mifupa. Aliyeanza kuichukua akiwa na sitini alipata kidogo. Aliyesubiri, kila mwaka ilinona, mpaka sitini na tano, hapo ikagota. Ukishaanza na ile nyembamba, nyembamba ndiyo yako mpaka kaburini. Na baada ya kaburi mke hupewa nusu yake, mpaka naye amfuate.

Hapo kwenye nusu ndipo moyo wa fundi cherehani ulipokuwa unaungua. Ukoo wa Presha, wanaume hawakudumu. Walizimika kama betri za bei rahisi, leo anaimba, kesho anaimbiwa. Ukoo wa kwake yeye ulikuwa balaa la upande wa pili. Mama yake alikuwa na miaka tisini na kitu na alishawazika madaktari watatu waliomwambia hana siku nyingi. Kwa hiyo hesabu haikuhitaji karani: Presha atatangulia, na yeye atabaki na ile nusu miaka na miaka. Dada yake alishapita njia hiyo. Shemeji, dereva wa serikali, aliichukua mapema, akanunua spika kubwa kama kabati, akafa. Sasa dada akienda dukani na nusu yake, mwenye duka huitazama kwa huruma kama anayetazama kifaranga kilichokanyagwa.

"Wanaosubiri wanakufa," Presha alisema baada ya kubadili nguo. "Wewe hujui. Fundi wa mita alisubiri mpaka sitini na tano. Siku ya kwanza, kwenye foleni ya benki, akakata roho akiwa amesimama. Kwa jinsi foleni ilivyokuwa imebana, hakuanguka. Wakamsukuma hivyo hivyo mpaka dirishani, na karani akamwambia aweke kidole."

"Akaweka?"

"Wanasema aliweka."

"Basi huyo aliyeanza kupokea akiwa maiti ana akili kukuzidi. Wanaosubiri wanakufa, na wasiosubiri wanakufa. Tofauti ni nani anabaki nyuma analamba sufuria. Rudi kazini kesho."

"Nimeshatoswa, mama. Unataka niitwe Maji Machafu?"

"Nataka nile."

Presha hakujibu. Siku hizi alikuwa na mtindo huo wa kutojibu, mwaka mzima sasa, na mkewe aliuhesabu katika makosa yake makubwa.

Asubuhi fundi cherehani alijifunga kanga ya pili kiunoni, akaenda kituoni kwa miguu. Hakwenda kusalimia. Alipita geti la chuma lililopauka rangi, akapita mapipa ya dawa ya maji yanayowasha pua, akawakuta mafundi wanne kwenye benchi wanakunywa chai, na grisi mikononi mpaka kwenye vishikio vya vikombe.

"Karibu, shemeji," wakasema kwa pamoja, halafu wakaona uso wake na kila mmoja akatamani angesema kimoyomoyo.

"Nani kamshika miguu?"

Wakatazamana.

"Nauliza. Nani kashika miguu na nani kashika mikono, nijue nianze na nani. Nyinyi mnaowafundisha vijana kwamba valvu haifungwi kwa pupa, maji yatarudi nyuma na bomba litapasuka. Mume wangu mmemfunga kwa pupa. Sasa maji yamerudi, ndiyo mimi hapa."

"Shemeji, ilikuwa desturi tu," mmoja akajitetea.

"Desturi ya kunilaza na njaa uzeeni? Akifa mtanilisha nyinyi? Wewe na hilo tumbo utamwachia nani mkate?"

Mwenye tumbo akaweka kikombe chini. Msimamizi wa kituo, mtu mrefu waliyemwita Nguzo, akainuka na kumwambia kwa sauti ya chini, "Njoo huku ndani, shemeji. Kuna jambo."

Chumba cha pampu kilinguruma hata meno yakatetemeka. Nguzo alimsogeza mbele ya pampu ya pili, iliyokuwa na rangi mpya, akamsemea sikioni.

"Hii iliungua mwezi uliopita. Ilikuwa inavuta hewa badala ya maji. Pampu ikivuta hewa, shemeji, inalia. Hii ililia kama mbuzi anayeona kisu. Waliokuwa barabarani walisimama. Mimi nilikuja mbio kutoka getini. Nikamkuta Presha amekaa pale, mkono mmoja kutoka hapa, anakoroga chai."

"Alikuwa amelala?"

"Alinitazama akauliza mbona nakimbia."

Fundi cherehani akaitazama ile pampu.

"Masikio yamekwisha, shemeji, anasoma midomo tu. Mwaka sasa. Kwenye taarifa tuliandika kosa ni la umeme. Umeme haujawahi kujitetea. Lakini safari nyingine inaweza kuua mtu. Tukamwambia. Akatuomba yeye mwenyewe: nitoseni, ionekane nimechoka, nyumbani wasijue."

Sasa ndipo hasira ilipopanda ngazi ya pili. Mwaka mzima alimwita mezani asiitike, akamnunia. Alimwambia cherehani imekatika mkanda, akapita kama hakusikia, akamnunia tena. Alikuwa amenuna mwaka mzima kwa gharama kubwa, na mtu mwenyewe hakuwa na habari. Na siri hiyo walikuwa nayo wanaume wanne wenye grisi, yule wa tumbo akiwemo, lakini si yeye aliyelala naye kitanda kimoja.

Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipita ofisi ya pensheni, akapanga foleni akiwa amefura hivi kwamba wa mbele yake wakampisha wenyewe. Dirishani alikuwepo karani mwenye miwani kichwani anayetafuta miwani.

"Mtu akiacha kazi leo, analazimika kuanza pensheni leo?"

"Halazimiki, mama. Kuacha kazi ni kuacha kazi. Pensheni anaiomba siku anayotaka, ilimradi asivuke sitini na tano."

"Na akikaa nyumbani tu, inanona?"

"Inanona. Haijui amekaa wapi."

"Na akifa kabla hajaiomba?"

Karani akashusha sauti kwa adabu. "Mke hupata nusu ya ile iliyofikia siku hiyo. Pole, mama. Amefariki lini?"

"Bado. Nipo njiani kwenda kwake."

Alisimama nje ya ofisi kidogo, akatikisa kichwa. Kituo kizima, miaka yote ile, wanaume wazima walitoka kwenye tangi wakiwa wamelowa na kwenda kuiomba pensheni kabla nguo hazijakauka, kwa kudhani tangi na ofisi ni mlango mmoja. Hakuna aliyewahi kuuliza. Mume wa dada yake naye hakuuliza.

Alimkuta Presha amekaa uani, mgongo kwa geti, mbele yake kikombe. Akamsogelea kutoka nyuma, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nyumba inaungua."

Presha akaongeza sukari.

"Nimeolewa na mwingine. Anakuja kuchukua kitanda."

Presha akakoroga, akaonja.

Akazunguka, akasimama mbele yake. Presha akainua macho, na akajua kwamba amejulikana. Uso ulimshuka kama shati lililotoka kwenye kamba.

"Kwa nini wao?" mke akauliza. "Nijibu hilo moja. Kwa nini yule mwenye tumbo ajue kabla yangu?"

Presha alichezea kijiko. "Wao wakijua, wananitosa, tunacheka, yanaisha. Wewe ukijua utanionea huruma. Utaanza kunishika mkono tukivuka barabara."

"Huruma? Mimi? Umenitazama vizuri? Hii sura ina huruma mahali gani?"

Presha aliitazama kwa makini, akakiri kwamba haina.

"Ulitaka kuuza uzee wangu ili usionewe huruma," mke akasema. "Ungenipa nusu ya mifupa, kwa sababu ya aibu ya masikio mawili. Pensheni umeshaiomba?"

"Nilikuwa nakwenda leo mchana."

"Hutakwenda. Wala mwakani hutakwenda. Utakwenda ukiwa na sitini na tano, na nitakupeleka mimi."

"Lakini nimetoswa."

"Umetoswa wewe. Pensheni haikutoswa. Nimetoka ofisini kwao sasa hivi. Kazi umeacha, vizuri, hata mimi sitaki uue mtu. Pensheni inabaki kule kule inanona, na hakuna wa kuigusa."

Presha akatega sikio kwa kiganja. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia jambo hilo, na kwa hali ya masikio yake aliomba arudiwe. Akarudiwa, kwa sauti iliyomfikia hadi jirani wa tatu.

"Na miaka mitano tutakula nini?"

"Sindano. Nina oda za sare za shule mbili, na mtu wa kupiga pasi sina. Vifungo navyo havishonwi kwa masikio."

"Mimi? Mtu wa mabomba nikapige pasi sketi za watoto?"

"Ungeniambia mwaka jana tungezungumza kama watu, labda ungechagua. Sasa mwenye kuchagua ni mimi."

"Na nikifa kabla ya hiyo sitini na tano?"

"Nimeuliza. Sitapungukiwa. Ila usijaribu. Bado sijamaliza na wewe."

Presha akainuka. Akaingia chumba cha kushonea, akaichukua pasi, akaigeuza huku na huku akitafuta mahali pa kuilaumu, asipate. Akatandika sketi ya kwanza mezani, na kwa mkono uliozoea spana akaanza kuinyoosha polepole, mkunjo kwa mkunjo. Haikuwa mbaya, lakini mkewe hakumwambia.

Mke alikuwa anavuta cherehani. Ilikuwa nzito, ile ya miguu ya chuma, na siku zote ilitazama dirisha. Aliikokota mpaka sakafu ikalia, akaigeuza ikatazamana na meza ya pasi, uso kwa uso, karibu kabisa.

"Wafanya nini?" Presha akauliza.

"Nina miaka mitano ya kukugombeza," mkewe akasema, akikaa na kutia uzi sindanoni. "Sitaki likupite hata neno. Nitazame mdomo."