Nusu ya Faidha

Mimi kukaa kwenye mkeka muda mrefu siwezi, na siku ya kugawa shamba la marehemu baba, pale Mkunya, nilijigeuza kila upande mpaka Baba mdogo Hamudi akaniuliza kama nimekalia siafu. Nilikuwa nimepanda na pikipiki kutoka Masasi roho juu, nikijua watakachosema.

Baba alituacha wawili tu, dada yangu mkubwa Faidha na mimi, mama alitangulia. Mimi natengeneza simu mjini. Faidha ndiye aliyebaki na mzee, akamuuguza, akaipalilia mikorosho, akajifunga kitambaa puani na kuipulizia dawa msimu baada ya msimu. Sasa Shehe Dauda alikuwa ametamka mgawo: theluthi mbili zangu, theluthi moja yake. Vigingi vya mipaka vilishachongwa.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Imeandikwa," akasema Shehe kwa upole.

"Sijauliza kama imeandikwa, Shehe. Nimeuliza kama ni haki."

Baba mdogo akacheka kwa pua. Kijiji kizima kinajua niliacha kuswali zamani. Wanasema mji umeniharibu. Nikamgeukia.

"Baba mdogo, shamba la mjomba wako kule Chilangala ulilirithi kwa kitabu kipi? Watoto wa marehemu walilia, ukasema mila ni mila, mpwa ndiye anayerithi. Siku ile msahafu haukufunguliwa. Leo umefunguliwa. Anayechagua ni nani, kitabu au wewe?"

Shehe ndiye aliyejibu.

"Nasibu, mwanangu, tukiyaacha maandiko kila mtu atakuja na mizani yake mfukoni. Yako leo ina huruma. Na kesho?"

Swali zuri, na lilinikera kwa sababu ni zuri. "Yangu inaweza kukosea," nikasema. "Lakini ikikosea mtanisuta, nami nitairekebisha. Hii yenu nani anaisuta?"

Shehe hakukasirika. Akatafuta njia: nichukue fungu langu, kisha nimpe dada kipande kwa hiari yangu, zawadi, dini haikatazi. Watu wakashusha pumzi. Faidha, aliyekuwa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, akainamisha kichwa. "Ahsante, mdogo wangu. Mungu akuzidishie."

Dada yangu ananishukuru kwa mikorosho aliyoihangaikia mwenyewe! Nikasimama.

"Asiyeamini asitufundishe haki," Baba mdogo akafoka. "Tena asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Sema mbele ya watu kwamba huamini, tuone kama utaambulia hata bibo moja!"

"Ni kweli, Shehe?"

"Ni kweli. Lakini usiseme neno kwa hasira."

"Nikitoka mimi, Faidha anapata ngapi?"

Shehe akapiga hesabu. "Binti akiwa peke yake, nusu. Inayobaki ni ya ami yake, huyu Hamudi."

Nusu, na hakuna wa kushukuriwa. Yangu itamezwa na yule mzee mwenye tamaa, sawa, lakini ya dada itakuwa yake kabisa.

Faidha alinisoma usoni. "Nasibu, nyamaza. Theluthi inanitosha. Nyamaza, nakuomba."

"Siamini," nikasema. "Siamini tangu zamani, na baba alijua."

Shehe alifunika uso kwa viganja. Baba mdogo ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alivikusanya vigingi akaenda kupima upya, anatembea kama kijana.

Nilikuwa nawasha pikipiki Faidha aliponijia na mfuko wa korosho za kukaanga, kama anavyonifungia siku zote. Sikungoja ahsante, naye hakunipa. Alinishika shati, macho yamemwiva.

"Shamba nimepata," akasema. "Wewe ukifa, Nasibu, nani atakuosha? Nani atakuswalia?"

Kwa Shehe majibu nilikuwa nayo. Nikazima pikipiki, nikakaa naye kizingitini mpaka adhana ya alasiri. Akainuka kwenda kutawadha, nami nikabaki nimekaa palepale, nikimsubiri.