Kikimbeba Bonge, Wewe ni Nani?

Mume wangu anaitwa Bonge mpaka leo, ingawa ubonge wenyewe aliuacha kwenye meza ya upasuaji. Ni fundi wa viti na makochi. Yeye anapiga mbao, mimi nashona vitambaa, na juu ya mlango wa karakana yetu kuna kibao alichokiandika mwenyewe enzi za unene wake: KIKIMBEBA BONGE, WEWE NI NANI?

Hatukuwa na tangazo jingine. Mteja akija kuchukua kochi lake, Bonge alikuwa anavuta pumzi, anageuka, anajiachia. Puu! Majirani waliacha kazi zao kuja kutazama. Mbao zikinyamaza, mteja anabeba kochi lake kwa raha. Zikilia, Bonge mwenyewe anatangaza, "Hili bado, rudi wiki ijayo." Watu wanapiga makofi, naye anainama kushukuru, kadiri alivyoweza kuinama.

Wasichokiona ni kwamba kamba za viatu vyake nilizifunga mimi. Sukari ilipanda, presha ikaifuata, magoti yakawa yanamuuma hata akiwa amelala. Mwishowe daktari akamkata tumbo la chakula, akamwachia kifuko cha kumtosha mtoto mchanga. Bonge akaanza kuisha kama sabuni ya bafuni. Siku aliyofunga viatu vyake mwenyewe, alivifungua akavifunga tena, makusudi, nimwone vizuri. Nililia jikoni peke yangu kwa furaha.

Muuguzi wa kliniki alituonya mapema. "Tumbo limekatwa," alisema. "Kichwa hakijakatwa." Nilidhani anatania.

Basi kazi ikaingia mdudu. Bonge akikaa kwenye kochi jipya, wateja wanatazamana. "Fundi, hapo hata paka angebebwa." Nilimjibia mimi: "Wembamba wa reli, treni inapita!" Wanacheka, halafu wanakwenda kufikiria kwanza. Bonge akabuni koti la kazi, mifuko imejaa misumari, ili arudishe uzito. Alilivaa mara moja tu. Alijiachia kama zamani, misumari ikamkaribisha, akaruka juu kiasi kwamba mteja aliuliza kama springi zote huwa kali hivyo.

Na kwenye kona ya karakana kilikuwepo kiti chake cha zamani, kipana, cha kukaa watu wawili na mizigo yao. Mbao zake nzuri, nilitaka tukivunje. Kila nikishika nyundo ananiambia, "Kiache, huwezi jua." Huwezi jua nini? Hasemi.

Halafu nikaona mkanda wake umerudi tundu moja nyuma. Baadaye tundu la pili. Nikashangaa, maana mezani mume wangu alikuwa mtakatifu. Anaanza na yai au samaki, anatafuna mpaka mimi nachoka kwa niaba yake, hanywi maji na chakula, anameza vidonge vyake vya vitamini, anasukuma sahani. "Ngozi imelegea," akaniambia kuhusu mkanda. Nikamwamini, mjinga mimi.

Siku moja akaingia Mwalimu. Ni mwalimu wa hesabu, mtu mkubwa kuliko hata Bonge alivyokuwa zamani, na mlango wetu aliupita kwa ubavu. Alisoma kibao, akamtazama mume wangu, kisha akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine.

"Namtafuta Bonge."

"Ndiye mimi."

"Hapana, fundi. Yule Bonge mwenyewe."

Mume wangu alijikaza, lakini niliona ilivyomchoma. Mwalimu akaeleza shida yake. Viti vya ofisi ya walimu vimemshinda. Cha mwisho kilivunjika katikati ya kikao, na mkuu wa shule akaendelea kusoma ajenda kama vile hajaona kitu. Sasa anasahihisha madaftari akiwa amesimama, anakula amesimama, vikaoni anaegemea ukuta kama mlinzi wa benki. Alisikia kuna fundi anayepima viti kwa mwili wake.

"Sasa wewe," akamwambia Bonge, "utanipimia nini?"

Nikaona hapa pana mteja anayeondoka. "Karibu chai kwanza, Mwalimu," nikasema, nikaichukua chupa ya chai ya mume wangu, ile ya chai isiyo na sukari, anayoilinda kuliko msumeno wake.

"Hiyo imepoa!" akasema Bonge.

"Haidhuru."

"Imeisha!"

"Mbona nzito?"

Nikamimina. Haikutoka chai. Ilitoka taratibu, nzito, rangi ya waridi: aiskrimu iliyoyeyuka, imeongezwa maziwa matamu ya kopo. Mwalimu, mtu mstaarabu, alipokea kikombe akaonja.

"Mama," akasema kwa adabu, "chai yenu tamu sana."

Siku za mwizi arobaini. Nilimgeukia mume wangu. "Tangu lini?"

"Nanywa kidogo kidogo tu. Inapita yenyewe, haikwami kama chakula."

"Sijakuuliza inapitaje. Nakuuliza kwa nini!"

Alitazama viatu vyake, vile anavyovifunga mwenyewe. "Nilitaka kurudi kidogo tu, mama watoto. Kilo za kazi."

"Kilo za kazi!"

"Zamani nikikaa, watu wanakuja kunitazama. Sasa nikikaa hageuki hata mtu mmoja."

Nilikuwa na gunia zima la matusi tayari, lakini halikutoka. Yaliyotoka ni haya: "Mimi nilikuwa nakutazama. Ukilala nilikuwa nakutazama, nasubiri kama utavuta pumzi nyingine. Mimi sikupigiwa makofi na mtu."

Mwalimu akaweka kikombe chini taratibu. "Samahani, jamani. Na mimi nimepangiwa tarehe ya kukatwa hivyo hivyo. Nilijiambia, nikipata kiti cha kunibeba, sina haja ya kwenda." Akamtazama mume wangu. "Niambie ukweli, fundi. Ni rahisi?"

"Kukatwa ni rahisi, unalala usingizi tu," akasema Bonge. "Shughuli inaanza ukiamka. Mimi bado inanishinda, umeona mwenyewe."

Kisha akaenda kwenye kona. Akakivuta kile kiti kipana, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake. "Kaa."

Mwalimu alikishika, akakitikisa, akatutazama sote wawili kama mtu anayetaka kuingia maji ya baridi. Akakaa. Mbao hazikusema neno. Akafumba macho, akaachia miguu yake mbele, na pumzi aliyoitoa nadhani alikuwa ameibana tangu kile kikao.

"Ni chako," akasema Bonge. "Lakini nenda kakatwe. Ukipungua, niletee, nitaisogeza mikono yake ndani. Ukipungua tena, niletee tena."

"Na wewe? Ukinenepa utakaa wapi?"

Mume wangu alinitazama mimi, hakumtazama yeye. "Sitakuwa na pa kukaa," akasema.

Tulikipakia kwenye mkokoteni sisi watatu. Bonge mwenyewe akaimwaga chupa mferejini, akaiosha, akanipa niinuse. Nainusa mpaka leo, kila asubuhi, na siombi radhi. Kliniki tumerudi pamoja. Muuguzi hakushangaa hata kidogo, na hilo liliniudhi. Mkanda umekazwa tundu moja. Lile la pili bado tunagombana nalo.

Lakini jioni ile ile ya siku ya Mwalimu palikuwa na kochi la mteja linasubiri kupimwa, na mwenye kochi amesimama mlangoni, ana mashaka usoni. Bonge akageuka, akavuta pumzi, halafu akasita.

"Njoo," akaniambia.

"Nije wapi?"

"Tukae wote. Wawili tunatimiza uzito."

Ndipo nikatambua kwamba katika ndoa yetu yote, na makochi yote tuliyotengeneza, sijawahi kukaa na mume wangu kwenye kochi moja. Nafasi ilikuwa wapi? Nikaweka mkasi chini. Akanishika mkono, tukajiachia kwa pamoja. Puu! Muuza viatu wa ng'ambo ya barabara akageuka. Fundi wa baiskeli akaja na spana yake mkononi. Mwenye kochi akaanza kupiga makofi, nao wakafuata.

Bonge akaanza kunyanyuka ainame kushukuru kama zamani. Nikamvuta shati.

"Kaa chini," nikamwambia. "Haya ni ya kwangu."